Thimu ya Rida Ni Mlango: Niliyosema Ngamiani Kuhusu Kufungua Mafaili kwa Komandi

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi jioni kwenye kikao chetu cha watu wa kompyuta hapa Tanga, Ngamiani. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyatoa maana wengi walinifuata baadae wakasema komandi zilipita haraka hawakuwahi kunakili. Pale nilipoonyesha kitu ukutani nimeandika kilichokuwa kinaonekana.

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za jioni, na nyie wadogo zangu mliokaa pale chini karibu na feni nawaona, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie mafaili ya thimu za rida, yani hivi vifaa vya kusomea vitabu vyenye kioo cha wino wa kielektroniki, namna ya kuyafungua na kuyageuza kwa komandi, yani amri unazoziandika badala ya kubofya. Najua wengine mkisikia thimu mnafikiria urembo, rangi za simu, picha ya maua nyuma ya saa. Na mimi nilikuwa nafikiria hivohivo mpaka mjomba wangu alipoletewa rida.

Mjomba kafanya kazi kwenye mkonge maisha yake yote, upande wa Muheza kule, na miaka mingi alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kupiga majani ya mkonge mpaka zitoke singa, yani nyuzi zake. Sasa kastaafu, kahamia hapa mjini, macho yamechoka lakini kusoma hajaacha, tangu nina akili namwona na kitabu. Binti yake aliyeko ng'ambo akamletea rida imejaa vitabu. Kitabu kikishafunguka mjomba hana shida, herufi anazikuza mpaka ukurasa unabaki na mistari minane, anasoma bila miwani. Shida ilikuwa kufika kwenye kitabu. Ule ukurasa wa kwanza wenye menyu ulikuwa na vipicha kumi na mbili vimebanana, chini ya kila kipicha neno moja la herufi ndogo, kijivu juu ya kijivu, na pale hakuna kitufe cha kukuza. Ikawa kila jioni anangoja mjukuu arudi madrasa ndo amfungulie kitabu. Siku moja nimeenda kumjulia hali akaniambia, "Mwanangu, nyumba mliyonipa nzuri, ila mlango wake siuoni."

Neno lile lilinikaa. Mtu mzima, kasoma vitabu vingi kuliko mimi, anazuiwa na vipicha. Nikapekua mipangilio yote ya kile kifaa, hakuna pa kukuza menyu. Ndo nikaja kujua kwamba ukubwa wa zile herufi, na vile vipicha, na ule ukijivu, vyote vinakaa kwenye faili moja la thimu. Kifaa ni cha kampuni gani hainihusu leo na siitaji. Ninachotaka mjue ni kwamba faili lile lilikuwa limefungwa, ukilifungua kwa programu ya kawaida linakataa, na nikalifungua, kwa zana ambazo zote ni za bure na ambazo hata aliyekuja na simu tu hapa anaweza kuwa nazo leo usiku.

Sasa nianze na jambo la kwanza kabisa, na hili nalisema kwa uzito wote: kabla hujagusa kitu, nakili faili la asili, liweke sehemu mbili, alafu chukua alama yake.

cp asili.thimu nakala.thimu
sha256sum asili.thimu

Ile komandi ya pili inakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu 64, ni kama alama ya kidole ya faili, ikibadilika baiti moja tu, yani kijipande kidogo cha data cha kama herufi moja, mstari wote unakuwa mwingine. Iandike kwenye daftari. Siyo kwenye kompyuta hiyohiyo, kwenye daftari au ujitumie kwenye simu. Mbele ntawaambia kwanini.

Haya. Unalo faili, hujui ni kitu gani. Unaanza kwa kuuliza:

file asili.thimu

Hii komandi ni ya zamani, ilikuwepo kwenye Unix, ule mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, tangu 1973, na kazi yake ni moja, inasoma baiti za mwanzo wa faili inakwambia hili ni la aina gani. Haiangalii jina wala ile nukta na herufi za mwisho, inaangalia mwili. Faili la zipu, yani lililobana mafaili mengi ndani ya moja, linaanza na herufi PK, ambazo ni za Phil Katz, yule Mmarekani aliyetengeneza zipu mwaka 1989, jina lake liko mwanzoni mwa mamilioni ya mafaili duniani mpaka leo. Picha ya PNG inaanza na 89 50 4E 47, hizo ni baiti zilizoandikwa kwa heksa, hesabu ya msingi wa 16 inayotumia 0 mpaka 9 alafu A mpaka F. JPEG ni FF D8. Na hapa kuna kitu kinawashangaza watu kila nikionyesha: kitabu cha EPUB, ule muundo wa vitabu vya rida, mwanzo wake ni PK. Yani EPUB ni zipu tu. Chukua kitabu chochote cha EPUB kisichokuwa na kufuli, andika unzip -l kitabu.epub, utaona kila kilichomo, sura moja moja, picha ya jalada, fonti, kila kitu. Na ukitaka kukirudisha kiwe EPUB tena kuna sharti moja watu wanalikosea sana, lile faili dogo linaloitwa mimetype lazima liingie la kwanza na lisibanwe:

zip -X0 kipya.epub mimetype
zip -Xr9D kipya.epub . -x mimetype

Ukilibana lile rida nyingine zinasoma nyingine zinakataa, na utahangaika siku nzima unatafuta kosa kwenye sura za kitabu wakati kosa liko mlangoni.

Kwahiyo thimu nyingine utakuta ni zipu vilevile, unaifungua kwa unzip, kazi imekwisha, unarudi kulala. Ya mjomba haikuwa hivo. Komandi ya file ilijibu neno moja, data. Maana yake, sijui. Na hapa ndipo watu wengi wanaacha, wanaona wameambiwa hapana. Hujaambiwa hapana. Umeambiwa tu hiki kitu hakimo kwenye orodha yangu, kiangalie mwenyewe.

Basi unakiangalia. Kwanza kwa strings, ambayo inachuja maandishi yanayosomeka kutoka kwenye faili lolote:

strings -n 5 asili.thimu | less

Nikaona majina. Majina ya picha, moja baada ya jingine, nikayahesabu yakafika 63. Sikuona picha zenyewe wala zile saizi za herufi, ila majina yale yaliniambia kitu kikubwa, kwamba faili lina fahirisi mwanzoni, kama fahirisi ya kitabu, hiki kiko ukurasa fulani. Kilichobaki ni kujua zile kurasa zimeandikwaje.

Naomba nisimame hapa kidogo kwenye ule mstari uliosimama katikati ya komandi, huu |, maana ndo roho ya mambo yote haya. Wakati nafanya kazi hii nilikuwa nafanyia kwa mjomba, nimekaa naye barazani na laptopu, akaniuliza unafanya nini mbona hakuna picha, maandishi matupu. Nikamweleza kwamba kila komandi ni mashine ndogo inayofanya kazi moja, na huu mstari unachukua kinachotoka kwenye mashine hii unakiingiza kwenye mashine ya pili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni kiwandani." Akaanza kunihesabia mwenyewe: jani linaingia korona, linapigwa, linaoshwa, linatoka singa mbichi, singa zinaenda kuanikwa, zikikauka zinaenda kwenye brashi, kutoka brashi zinaenda kufungwa marobota. Korona haijui kufunga robota na anayefunga robota hapigi jani, na kila mmoja akifanya yake vizuri mkonge unatoka. Jani la mkonge, akanikumbusha, singa ndani yake ni kama asilimia 4 tu ya uzito, zingine ni maji na takataka, na kwa macho huzioni mpaka jani lipite korona. Sijapata mtu aliyeelewa haraka kuliko yeye. Wazo lenyewe lilisukumwa na Doug McIlroy, mmoja wa waliojenga Unix, mwenzake Ken Thompson akaliingiza humo mwaka 1973, na mzee wa korona wa Tanga kalielewa kwa dakika mbili kwa sababu aliliishi.

Tuendelee. Sasa unaangalia baiti zenyewe kwa xxd:

xxd asili.thimu | head -40

Utaona safu za namba za heksa, kulia maandishi. Usiogope. Hutafuti kuelewa zote, unatafuta kinachojirudia. Mimi niliona baada ya kila jina kuna namba mbili, moja inaongezekaongezeka kila ukishuka, ya pili inapanda inashuka. Ile inayoongezeka ndo mahali picha inapoanzia, na ya pili ni urefu wake, na nilihakikisha kwa kujumlisha: mwanzo wa picha ya kwanza jumlisha urefu wake ukapata mwanzo wa picha ya pili. Ukishapata hesabu inayokubali mara tatu mfululizo ujue umeshika uzi.

Kukata kipande ni komandi mbili. Tuseme picha inaanzia baiti ya 4096 na urefu wake ni 18230:

tail -c +4097 asili.thimu | head -c 18230 > kipande.bin

Angalieni pale, 4097 siyo 4096. Fahirisi inahesabu kuanzia sifuri na tail inahesabu kuanzia moja. Hili moja lilinila jioni mbili nzima, kila kipande nilichokata kilikuwa na baiti ya jirani mwanzoni na kimekosa baiti yake ya mwisho, na hakifunguki, na mimi nadhani kimefungwa kwa siri. Hakuna siri, ni moja tu.

Kipande kilipotoka sawa kilikuwa kinaanza na 78 DA. Hizi baiti zikumbukeni, 78 ikifuatwa na 01 au 9C au DA mara nyingi ni data iliyobanwa kwa zlib, njia ambayo iko kila mahali, hata ndani ya PNG. Python, lugha ya kuandikia programu, inaifungua kwa mstari mmoja:

python3 -c "import sys,zlib; sys.stdout.buffer.write(zlib.decompress(sys.stdin.buffer.read()))" < kipande.bin > wazi.bin

Na moja kati ya vipande vile, kikatoka siyo picha, kikatoka maandishi. Maandishi ya kawaida kabisa. Fonti jina fulani, saizi fulani, rangi fulani, kipicha fulani kiko umbali fulani kutoka juu. Nilimwita mjomba nikamwonyesha, hii hapa, hii namba ndo inayokunyima mlango. Namba yenyewe ilikuwa na tarakimu mbili.

Sasa picha. Hapa nimeweka mfano ambao muundo wake uko wazi kwa kila mtu ili mkajaribu wenyewe, nao ni wa rida za PocketBook. Thimu zao mafaili yake yanaishia na .pbt na ipo zana iitwayo pbtheme ya kuzifungua na kuzifunga. Ila nataka muone picha yenyewe inavyokaa ndani, maana wameieleza kwenye faili la inkview.h wanalopewa watengeneza programu. Picha inaanza na namba nne, kila moja baiti mbili: upana, urefu, biti kwa kila pikseli (pikseli ni kidoti kimoja cha picha, na biti nane ni baiti moja), na baiti kwa kila mstari. Baada ya hapo ni pikseli tupu mpaka mwisho. Ukutani pale niliweka hivi:

58 02 20 03 04 00 2C 01

Tulisoma pamoja. Baiti ndogo inatangulia, kwahiyo 58 02 unaigeuza unasoma 0258, ambayo kwa hesabu yetu ni 600. 20 03 inakuwa 0320, ni 800. 04 00 ni 4. 2C 01 inakuwa 012C, ni 300. Yani picha ya pikseli 600 kwa 800, biti 4 kila pikseli, mstari mmoja baiti 300. Sasa hakikisha: pikseli 600 mara biti 4 ni biti 2400, gawa kwa 8 unapata 300, imekubali. Mistari 800 mara 300 ni baiti 240,000. Ongeza zile 8 za mwanzo, 240,008. Tukaandika wc -c picha.bin, komandi inayohesabu baiti za faili, na ukuta ukajibu 240008. Yule dada aliyekaa mstari wa pili alipiga makofi, na mimi namwelewa, maana hiyo ndo raha yenyewe, faili uliloambiwa halisomeki linakujibu hesabu yako sawasawa mpaka baiti ya mwisho.

Na hata kama picha haina hizo namba za mwanzo, ukubwa peke yake unasema. Kioo cha 600 kwa 800 kina pikseli 480,000. Ukikuta faili la baiti 480,000 ujue ni biti 8, ukikuta 240,000 ni biti 4, ukikuta 120,000 ni biti 2. Kwanini biti 4? Kwa sababu vioo vingi vya wino vinaonyesha vivuli 16 vya kijivu, na 16 inatosha kwenye biti 4, hakuna haja ya kubeba zaidi. Zile za mwanzo kama Sony PRS-500 ya mwaka 2006 zilikuwa na vivuli 4 tu.

Kuigeuza iwe PNG ya kuonekana unatumia ImageMagick, zana ya kugeuza picha kwa komandi:

tail -c +9 picha.bin | magick -size 600x800 -depth 4 gray:- picha.png

Tunaruka baiti 8 za mwanzo ndo maana ya +9. Kwenye matoleo ya zamani badala ya magick unaandika convert. Unaihariri picha kwa programu yoyote unayoijua, alafu unairudisha:

magick picha.png -colorspace Gray +dither -posterize 16 -depth 4 gray:mwili.bin
printf '\x58\x02\x20\x03\x04\x00\x2c\x01' > kichwa.bin
cat kichwa.bin mwili.bin > mpya.bin

Pale kwenye +dither nina maneno. Iko njia ya kutawanya vidoti ili vivuli vichache vionekane vingi, maarufu zaidi ni ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, na kwa picha ya mtu au ya mandhari ni nzuri mno, bila hiyo uso wa mtu unakuwa mabaka. Lakini kwa vipicha vya menyu na herufi usiitumie kabisa. Mistari inaota vidoti pembeni, na kwa mtu wa macho dhaifu zile vidoti ni ukungu. Nimeona thimu nyingi watu wanagawiana, nzuri kwa mbali, ukisogea zote zimejaa vumbi, ni hii alama moja ya kujumlisha haikuwekwa.

Na hapa ndipo mnapoona kwanini nasisitiza komandi wakati zipo programu za kubofya. Picha 63. Kwa kubofya, fungua, badilisha, hifadhi, mara 63, na ukikosea saizi unaanza upya. Kwa komandi unaandika kitanzi cha for, kinachorudia kazi ileile kwa kila faili, mara moja unaenda kuswali ukirudi zimeisha, na ukikosea unabadilisha neno moja unarudia. Na unachoandika unaweza kumtumia mwenzako Pangani kwenye ujumbe wa simu, herufi mia mbili, hazimalizi bando lake. Huwezi kumtumia mtu mibofyo.

Aliyekuwa hana laptopu asijisikie yuko nje. Kwenye Android iko Termux, programu inayokupa komandi hizi kwenye simu, unaichukua F-Droid, duka la programu huru, haihitaji kuvunja simu wala nini, ukiandika pkg install python imagemagick unzip unapata karibu kila nilichotaja leo. Rida nyingi simu inazisoma kwa waya wa OTG, ule unaochomeka vifaa kwenye simu, kama flashi. Nusu ya kazi ya mjomba niliimalizia kwenye simu, laptopu ilikuwa imeisha chaji na umeme umekatika.

Sasa nije kwenye lile la daftari. Kufungua ni nusu ya kazi, kufunga ndo mtihani. Nilikuza vipicha, nikakuza herufi, nikabana upya, nikaunganisha, nikaweka kwenye rida ya mjomba. Ikawaka, ikaonyesha kioo cheupe, ikazima, ikawaka, kioo cheupe, ikazima. Picha zangu mpya zilikuwa kubwa kuliko za zamani, kwahiyo kila kilichokuja nyuma yake kilisogea mbele, na mimi fahirisi sikuibadilisha. Kifaa kinaambiwa picha iko ukurasa wa 40 na imehamia wa 47. Siku nne mjomba hakusoma. Hakunilaumu hata neno, na hilo liliniuma zaidi. Kilichoniokoa ni kwamba kikichomekwa kwenye kompyuta kilikuwa bado kinajitokeza kama flashi, na nakala ya asili ninayo, na ile alama ya sha256sum kwenye daftari ilinihakikishia kwamba ninachorudisha ndicho chenyewe, maana wakati huo kwenye folda yangu kulikuwa na mafaili tisa yenye majina yanayofanana na nilikuwa siamini hata moja.

Tangu hapo nina utaratibu ambao siuvunji. Kabla sijabadilisha kitu chochote, nafungua faili, alafu nalifunga tena bila kubadilisha kitu, alafu nalifungua lile lililofungwa upya na kulinganisha vilivyomo kwa diff -r folda ya kwanza na folda ya pili. Ikinyamaza, njia yangu ni salama, ndo naanza kubadilisha. Msilinganishe mafaili mawili yaliyobanwa kwa cmp mkashtuka hayafanani, ukibana kwa kiwango tofauti baiti zinatofautiana hata kama ndani ni yaleyale, linganisha vya ndani. Na ukimaliza kunakili kwenye rida andika sync, subiri, ndo uchomoe. Kuchomoa waya kwa haraka nako kunaweza kuharibu mafaili ya rida.

Na kuna mafaili ambayo siyo ya kuchezea ovyo. Kwenye rida za Kobo kwa mfano, faili liitwalo KoboRoot.tgz ukiliweka kwenye folda yake ya .kobo, kifaa kikichomolewa kinalifungua lenyewe na kumwaga vilivyomo kwenye mzizi wa mfumo. Ni mlango mzuri kwa anayejua, lakini usiweke la mtu usiyemjua kabla hujaandika tar -tzf KoboRoot.tgz na kuona linataka kuandika wapi. Kuangalia haigharimu kitu.

Kuna kijana aliniuliza kabla ya kikao, hivi haya yana faida gani kama siyo biashara. Nikamwambia habari ya Kovid Goyal. Mwaka 2006 alinunua Sony PRS-500, kifaa hakizungumzi na Linux, mfumo wa kompyuta aliokuwa akiutumia, akaanza kuchunguza baiti zinazopita kwenye waya, akaandika programu yake akaiita libprs500, ya shida yake mwenyewe. Mwaka 2008 ikabadilishwa jina ikawa calibre, programu ya kutunza na kugeuza vitabu vya rida, na leo ndani yake mna ebook-convert ambayo kwa mstari mmoja inakugeuzia kitabu kutoka muundo huu kwenda ule, na sidhani kama yuko mtu mwenye rida hajawahi kuigusa. Ilianza kwenye meza moja, na kifaa kimoja kilichokataa.

Ila mkitengeneza thimu mkagawa, angalieni mnagawa nini. Vipicha ulivyochora wewe ni vyako. Vipicha vya kampuni siyo vyako, badilisha kwenye kifaa chako lakini usivisambaze. Fonti tumieni zilizo huru kama Gentium au Noto, zina leseni inayoruhusu. Mtu wa picha ana haki yake kama mtu wa shairi.

Ya mjomba sasa. Nimemwachia vipicha vinne tu badala ya kumi na mbili: kitabu anachosoma, vitabu vyote, mwanga, kuzima. Kila kimoja ni kipana kama vidole viwili, cheusi juu ya cheupe, hakuna kijivu hata kimoja. Maneno chini yake nimeyaandika kwa Kiswahili ndani ya picha yenyewe, maana faili la lugha la kifaa kile halina Kiswahili na sikutaka kungoja wamkumbuke. "Endelea kusoma." Ndo maneno ya kwanza anayoyaona. Na aliniomba kitu kimoja nyongeza, picha ya kulala, ile inayobaki kioo kikizimika. Akatoa picha ya zamani, yuko kijana, kasimama mbele ya singa zilizoanikwa. Nikaipiga kwa simu nikaigeuza, na hiyo ndo niliweka vidoti vya Floyd na Steinberg, singa zikatoka nyuzi moja moja:

magick mjomba.jpg -colorspace Gray -resize 600x800^ -gravity center -extent 600x800 -dither FloydSteinberg -posterize 16 kulala.png

Juzi nimepita kwake baada ya magharibi. Mjukuu karudi madrasa, kaingia, kamkuta babu keshafika katikati ya kitabu, akakaa pembeni akaomba asomewe kwa sauti.

Haya, nani kaja na rida yake? Leteni hapa mezani na waya zake. Tunaanza na kunakili la asili, kila mtu, na madaftari toeni.